Springi Fupi, Shoki ya Kiwandani

Gari linaposhushwa katika gereji nyingi za Malindi na Kilifi, kazi hufuata njia karibu moja. Springi nne fupi zinanunuliwa. Fundi anafungua straki za mbele, anabana springi ya zamani kwa kibanio, anaitoa, anaingiza ile fupi, anakaza nati ya juu, na shoki ileile iliyokuja na gari inarudi mahali pake. Jioni gari limelala vizuri, pengo kati ya tairi na madigadi limezibika, na mwenyewe anaondoka kifua mbele. Baada ya muda anarudi. Mbele kunagonga, shoki imelowa oili, na gari likivuka tuta linadunda mara mbili tatu kabla ya kutulia. Hapo huambiwa kwamba springi mpya ni ngumu mno na ugumu wake ndio ulioua shoki.

Maelezo hayo yamerudiwa hadi yamekuwa kama sheria. Ukipiga hesabu lakini, unakuta karibu kinyume chake: springi hizo kwa kawaida ni laini mno kwa nafasi iliyobaki.

Tuanze na nani anabeba nini. Uzito wa gari unabebwa na springi. Shoki haibebi kitu cha maana. Ina pistoni yenye vitundu na vali ndogo, inayopita ndani ya oili, na kazi yake ni kuugeuza mtikisiko kuwa joto. Katika magari madogo tunayoyaona kila siku hapa Pwani, kama Demio, Fielder, Vitz, Impreza na Golf, springi na shoki za mbele zimefungwa pamoja katika mtambo mmoja, yaani straki, ulioasisiwa na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, ambao Ford ya Uingereza iliutumia katika gari lake la Consul lililoonyeshwa mwaka 1950. Ni mtambo wa bei nafuu na wa akili, kwa sababu straki hiyohiyo ndiyo pia inayolishika gurudumu lisimame wima. Ndiyo sababu ukigusa urefu wa springi hapo, umegusa mambo mengine matatu manne bila kukusudia.

Sasa hesabu. Tuseme gari likiwa limesimama, gurudumu lina milimita 75 za kupanda kabla halijafika mwisho kabisa. Springi ya kushusha kwa milimita 35 inaacha milimita 40. Tuseme pia springi hiyo ni ngumu kuliko ya kwanza kwa asilimia 30, kiasi ambacho si cha ajabu kwa springi za aina hii. Nishati ya pigo ambayo springi inaweza kuimeza, juu ya uzito inaobeba tayari, inategemea ugumu wake ukizidishwa kwa mraba wa nafasi iliyopo. Neno zito hapo ni mraba. Arobaini ukiigawanya kwa sabini na tano, kisha ukaipiga mraba, inabaki 0.28. Zidisha kwa ule ugumu wa 1.3, unapata 0.37. Yaani springi mpya, pamoja na sifa zake zote za ugumu, inaweza kumeza takriban asilimia 37 tu ya pigo ambalo springi ya kiwandani ililimeza bila kelele. Ili irudi pale ilipokuwa, ingebidi iwe ngumu mara tatu na nusu kuliko ile ya kwanza, na gari la namna hiyo hakuna ambaye angelipanda mara ya pili.

Ile asilimia 63 inaenda wapi? Sehemu inaenda kwa dereva mwenye busara anayepunguza mwendo. Kinachobaki kinaenda kwenye stopa, ile raba iliyovishwa fimbo ya shoki chini ya maunti, kikalio cha juu cha straki. Mtengenezaji wa gari aliiweka kwa ajili ya ajali ndogondogo: shimo usiloliona, tuta ulilolivamia usiku, gari likiwa limejaa watu. Ilikusudiwa iguswe mara mojamoja. Kwenye gari lililoshushwa, inaguswa katika safari ya kwenda sokoni. Na raba iliyobanwa haina subira ya springi. Ugumu wake hupanda ghafla, kisha hurudisha pigo kwa kasi. Ule mdundo ambao watu wanausikia na kuuita ugumu wa springi, mara nyingi ni raba.

Barabara ya Mombasa kwenda Malindi inaiweka hesabu hiyo kwenye mtihani. Toka Mtwapa upitie Vipingo, uvuke daraja la Kilifi, upite Tezo, Matsangoni na Gede: lami yenyewe inakimbilika, lakini kila penye soko, shule au stendi kuna matuta, na matuta yetu hayajakubaliana urefu wala umbo. Dereva anayetoka mwendo wa kilomita 90 akachelewa kushika breki kidogo tu, pua ya gari inainama kwa sababu ya breki wakati uleule gurudumu linapanda tuta. Sehemu ya zile milimita 40 ilikuwa imeshaliwa na breki kabla tuta halijafika. Kwa hiyo gari linaloonekana salama linapopanda tuta polepole linaweza kufika mwisho kwenye tuta hilohilo likiwa linapunguza mwendo.

Mafundi wengine wana jibu la haraka: wanaikata stopa nusu kwa kisu, gari lipate nafasi. Nafasi inapatikana kweli. Yapo hata makampuni ya springi yanayoagiza hivyo kwa baadhi ya magari, lakini yanatoa kipimo, kwa sababu yamejua pistoni inasimama wapi ndani ya bomba. Ukikata kwa kukisia, pigo lililokuwa likiishia kwenye raba linaishia kwenye chuma. Pistoni inashuka hadi inaigonga vali iliyo sakafuni mwa bomba, na vali hiyo ndiyo inayotawala mwendo wa shoki inapobanwa. Ikipinda au ikilegea, shoki kwa nje itaonekana kavu na nzima, na bado haitafanya kazi. Kama kuna jambo moja katika shughuli hii ambalo ningelipiga marufuku, ni kisu kwenye stopa bila kipimo.

Turudi kwenye ugumu, maana nao una sehemu yake. Springi inapobanwa inahifadhi nishati, na inapofunguka shoki ndiyo inayopaswa kuizuia isiruke. Shoki ya kiwandani ilipimiwa springi ya kiwandani. Springi ikiwa ngumu zaidi kwa asilimia 30, uwezo wa shoki kuituliza, ukilinganishwa na mahitaji, unashuka kwa takriban asilimia 12, kwa kuwa uwiano huo unafuata kipeuo cha pili cha ugumu na si ugumu wenyewe. Asilimia 12 kwa shoki mpya ni kitu ambacho abiria hatakigundua. Watengenezaji wa springi wanaposema bidhaa yao inaweza kufungwa na shoki za kiwandani, hawadanganyi. Wanazungumzia shoki mpya, kwenye barabara za kwao.

Shoki zetu si mpya. Kanuni ya Shirika la Viwango la Kenya inaruhusu gari la mtumba lisilozidi umri wa miaka 8, na wanunuzi wengi hukaribia mpaka huo kwa sababu ya bei. Gari linashuka bandarini Mombasa na shoki zilizofanya kazi Japani miaka saba, linatumika hapa miaka mingine mitatu minne, ndipo mwenyewe anapopata pesa za springi. Shoki iliyokwisha kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kwa uzee haiwezi kustahimili hiyo asilimia 12. Hapo springi inalaumiwa kwa maradhi iliyoyakuta.

Lipo jambo jingine ambalo sijaona likisemwa sana, na kwa maoni yangu ndilo linaloitofautisha Pwani na Nairobi: chumvi. Fimbo ya shoki imepakwa kromu ili ipite kwenye sili, ile raba laini inayozuia oili isitoke, bila kuikwaruza. Gari likiwa katika kimo chake cha kiwandani, kuna kipande cha fimbo ambacho karibu wakati wote kiko nje, juu ya sili. Kipande hicho kikiwa na kifuniko cha vumbi kilichochanika, kinapigwa na upepo wa kusi wenye unyevu wa bahari, na mchanga. Kromu inapata vidoa, vidoa vinakuwa vishimo vya kutu. Madhara hayaonekani, kwa sababu sehemu hiyo hufika kwenye sili kwa nadra. Shusha gari kwa milimita 35: sasa milimita 35 za fimbo hiyo yenye kutu zimeingia ndani, na kila mtikisiko unazipitisha kwenye mdomo wa sili. Raba laini inasuguliwa na kitu kama msasa. Oili inaanza kutoka baada ya wiki chache, na kila mtu gereji anaapa kwamba ni springi. Kwa gari lililoishi karibu na ufuo, Watamu au Mambrui, au linalokwenda kazini kwenye viwanda vya chumvi vya Gongoni na Marereni, fundi anapaswa kuitazama fimbo kwa tochi kabla hata ya kushika spana. Fimbo yenye vidoa haifai kurudishwa.

Njia za vumbi za ndani ya Ganze na Magarini zinaongeza joto. Barabara iliyojikunja mawimbi inaichapa shoki mara nyingi kwa sekunde. Oili inapata moto, inakuwa nyepesi, na katika shoki za kawaida za bomba pacha inaweza kuchanganyika na gesi iliyomo na kutoa povu. Pistoni inayopita kwenye povu haizuii kitu. Hili huyapata hata magari yasiyoshushwa, ila lililoshushwa huingia humo likiwa na akiba ndogo.

Kuhusu usukani nitakuwa mfupi. Mikono ya chini ya magurudumu ya mbele, ambayo ilikuwa imelala, sasa inatazama juu kuelekea gurudumu. Alaimenti inahama, na usipoipima upya tairi zinalika kwa ndani. Tena katika mtambo wa MacPherson, kitovu ambacho gari hulalia kwenye kona hushuka haraka kuliko bodi lenyewe, hivyo gari lililoshushwa kupita kiasi linaweza kutaka kulala zaidi, wakati mwenyewe alilishusha ili lisilale.

Springi za kukatwa ni habari nyingine. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi ukiikata mmoja inakuwa ngumu kwa asilimia 20, hilo ni sawa na hesabu. Taabu ni kwamba ncha iliyokatwa haikai tena kwenye kikalio chake, na urefu umepungua kiasi kwamba gari likiinuliwa kwa jeki springi inabaki huru, inazungushika kwa mkono. Gurudumu likiingia shimoni kwa mwendo, springi inaachia, kisha inarudi vibaya. Ukaguzi wa magari nchini Japani hulikataa gari la namna hiyo, pamoja na lile ambalo tumbo lake liko chini ya sentimita 9 kutoka ardhini. Springi fupi zilizotengenezwa kwa uangalifu hutatua jambo hili kwa kuongezwa mizunguko laini inayolala kabisa chini ya uzito wa gari. Haifanyi kazi nyingine ila kuishika springi isichezecheze. Anayekata kwa gesi badala ya grainda anaharibu na chuma pia, maana moto huondoa ugumu ule uliopikwa kiwandani.

Na wale wanaocheka vijana wa magari ya chini watazame Probox. Probox iliyojaza watu na magunia kutoka Bamba kwenda Kilifi imeshushwa pia, kwa uzito badala ya springi, na shoki zake za nyuma zinapigwa kwa namna ileile, tena chini ya mzigo mkubwa zaidi. Dawa ya gereji ni spesa juu ya springi. Inasaidia gari likiwa limejaa, kwa sababu inairudishia nafasi ya kupanda. Likirudi tupu, mkia uko juu, shoki imevutwa karibu na mwisho wake wa upande wa pili, na kila shimo linaivuta hadi igote. Shoki ya Probox yenye spesa na ya Impreza iliyoshushwa zinakufa kwa sababu moja, kila moja ikigonga ncha yake ya bomba.

Kwa barabara hii, gari likiwa na shoki nzuri za kiwandani, kushuka milimita 20 kunavumilika. Kufika 35 au 40, shoki fupi zinunuliwe pamoja na springi, siku moja. Bei inauma, ila kazi ya kufungua straki hulipwa mara moja. Aliyekwisha kufunga na anataka kujua alipo, kipimo chake ni rahisi. Ondoa kifuniko cha vumbi, funga kamba nyembamba ya plastiki kwenye fimbo ya shoki, iguse sili. Endesha kutoka Kilifi hadi Gede kwa mwendo wako wa kila siku, na abiria wako wa kila siku. Kila shoki inapobanwa, kamba inasukumwa juu na kubaki pale. Simama, pima umbali kutoka kamba hadi stopa. Ukibaki upana wa vidole viwili, endelea na safari yako ya Malindi. Ukiikuta kamba imepondwa kwenye raba, weka oda ya shoki.