Ngeli, Upatanisho na Utu: Uhakiki wa Majina ya Watu wenye Ulemavu katika Kiswahili

Tangazo la Dunia kuhusu Haki za Binadamu la mwaka 1948 na ibara ya 12 ya Katiba ya Tanzania, iliyoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984, vinakubaliana katika jambo moja: haki ni ya binadamu kwa kuwa ni binadamu, bila sharti jingine. Swali linalobaki kwa mwanaisimu ni iwapo lugha inayobeba kauli hiyo inamhesabu kila mtu kuwa binadamu.

Wapo wanaojibu kwamba Kiswahili hakifanyi hivyo. Nomino kama kipofu, kiziwi, kiwete na kilema, wanasema, zimewekwa pamoja na kiti na kisu; kwa hiyo sarufi yenyewe imewavua wahusika utu wao. Hoja hii ina mvuto, lakini haistahimili uchunguzi. Kiambishi hichohicho kimo katika kiongozi, kijana na kinyozi, na hakuna adaiye kuwa kiongozi amefanywa kitu. Aidha, Kiswahili sanifu husema Kipofu huyu ameketi, si *Kipofu hiki kimeketi. Umbo la nomino ni la KI-VI, ilhali upatanisho ni wa A-WA.

Hata hivyo, upatanisho huo usitukuzwe kupita kiasi, kwani mbuzi na kuku nao huupata. Unachothibitisha ni uhai, si utu. Sarufi, basi, haimnyimi mtu haki wala haimpi. Anayefanya hivyo ni msemaji.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatokana na majina ya watu wenye ualbino. Zeruzeru halina kiambishi ki-, wala dili halina. Lakini katika mazingira ya mashambulizi yaliyotikisa Kanda ya Ziwa tangu katikati ya miaka ya 2000, kumwita mtu dili kulikuwa ni kumtaja kwa faida ambayo wengine waliitarajia kutokana na mwili wake. Hakuna kanuni ya ngeli iliyovunjwa. Aliyevunjiwa haki ni mtu.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilifanya vema kutanguliza neno mtu. Istilahi hiyo inastahili kufundishwa na kutumiwa. Kasoro huanza pale inapochukuliwa kuwa ndiyo tiba kamili, kwani mwajiri aweza kutamka mtu mwenye ulemavu kwa ufasaha, kisha akamfungia mlango.

Upungufu wa aina nyingine umo katika methali Hujafa hujaumbika, ambayo hutumiwa kumkanya anayecheka ulemavu wa mwenzake. Nia yake ni njema, ila msingi wake ni hofu: usimcheke, kwa kuwa kesho waweza kuwa wewe. Heshima ya mwenye ulemavu inategemezwa juu ya bahati ya asiye nao. Haki ya wote haihitaji tishio hilo. Ingedumu hata kama msikilizaji angehakikishiwa uzima wa mwili hadi kufa.

Kwa hiyo, mhakiki na mwalimu wa fasihi wasiishie kuhesabu viambishi na majina yasiyofaa. Waulize pia matini inatoa sababu gani ya kumheshimu mhusika mwenye ulemavu: huruma, hofu, au ubinadamu wake. Ni sababu ya tatu pekee inayolingana na haki isiyo na masharti.