Waliolitia Ua Sauti

Katika Undertale karibu hakuna anayesema kwa sauti. Mchezo huu wa video wa Mmarekani Toby Fox, uliotoka tarehe 15 Septemba 2015, umejaa mazungumzo, lakini karibu yote ni maandishi: herufi hujitokeza moja moja kwenye kioo, na wahusika wengi wakuu wana vimlio vyao vinavyoandamana nazo. Sauti zenyewe mchezaji hujitungia kichwani. Kinachosema kweli ni muziki. Fox aliutunga mwenyewe, albamu nzima ya vipande 101 vya ala, na aliyeucheza mchezo akivisikia leo hukumbuka alikuwa amesimama wapi kila kimoja kilipoanza.

Kisha wakaja mashabiki. Kundi linalojiita Man on the Internet liliuchukua mchezo huo likaugeuza tamthilia ya kuimbwa, mahadhi yakiwa ya Fox na maneno yakiwa yao. Wengi huzisifu nyimbo zao za kuchekesha, nazo zinastahili sifa. Mimi nataka kusifu kitu ambacho naona hakisifiwi vya kutosha, nacho ni hofu. Watu hawa wanajua kutisha, na wanatisha kwa ufundi ambao unazidi kuwa adimu.

Mtazame Flowey. Ni ua la manjano lenye uso wa tabasamu, la kwanza kumpokea mtoto aliyeanguka katika nchi ya mazimwi chini ya mlima. Linamkaribisha, linamwita rafiki, linamhimiza adake vijizawadi vinavyoelea hewani. Kumbe ni risasi. Baadaye sana, mtoto akiwa amefika mwisho wa safari, ua hilohilo humeza roho sita za binadamu na kugeuka dubwana, na mchezo unajifunga wenyewe mbele ya macho yako. Ukiufungua tena, unakuta ua limeshika hatamu. Lile jambo ambalo wachezaji wote tunalitegemea, kwamba ukishindwa utarudi pale ulipohifadhi, sasa liko mikononi mwa adui.

Wimbo wa pambano hilo unaitwa Your Best Nightmare, na kuutia maneno si kazi ya mchezo. Ala zinakwenda mbio, zinakatika, zinarudi na hali nyingine. Anayetunga hana ubeti uliotulia wa kuegemea, vina na mizani vyote vinamponyoka. Wao wamepita humo, na wamelipatia jambo ambalo watunzi wengi wangelikosa: kinachotisha katika kuimba kwa ua hilo si makelele, ni furaha. Linaimba kama mtu aliyengoja siku hiyo kwa muda mrefu, sasa imefika, na anataka ushuhudie. Miaka yote kila mmoja wetu alikuwa na Flowey wake wa kichwani. Nilipomsikia huyu wa kuimbwa, wangu alinyamaza na hajasema tena.

Nikisikiliza namkumbuka bibi yangu, aliyekuwa akitusimulia ngano ya binti aliyesahau kombe lake ufukweni. Mnaijua. Wenzake wanakwenda zao, yeye anarudi peke yake jioni, zimwi linamkamata na kumtia ndani ya ngoma, kisha linazunguka naye vijiji na vijiji. Likipiga ngoma, binti anaimba, na watu wanashangilia ngoma ya ajabu na kuleta chakula. Bibi hakuwahi kutuigizia zimwi. Hakunguruma wala hakutoa meno. Alichofanya ni kuimba wimbo wa binti, polepole, mdomo ameufumba nusu ili sauti itoke kwa ndani, tamu kabisa, na sisi tulikuwa tunasogeleana mkekani mpaka magoti yanaumana. Kila kijiji alikiimbia wimbo uleule bila kufupisha, hata vile vijiji ambamo hakuna kilichotokea. Tulimsihi aruke tufike kijijini kwa mama yake binti. Hakuruka.

Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoelewa kwa nini. Bila vile vijiji vya katikati, mama kuitambua sauti ya mwanawe ndani ya ngozi ya ngoma kusingekuwa chochote. Hofu ilikuwa imepikwa kwa marudio. Na Fox anapika hivyohivyo. Mchezaji akiamua kuua kila anayemkuta, hufika wakati mahali pote pamekwisha watu. Pambano likifunguka hakuna aliyekuja, na unasikika mvumo mzito, wa taratibu, kama pango linapumua. Mvumo huo ni ule wimbo mchangamfu wa ua, wa makaribisho ya siku ya kwanza, uliopunguzwa kasi mpaka haujulikani. Katika mji wa Snowdin wenye theluji, duka liko wazi na mwenye duka hayupo, ameacha barua ya kuomba familia yake isidhuriwe. Hakuna damu ukutani wala mtu anayekurukia. Unasimama katika mji uliouua mwenyewe, ukisikia makaribisho yameoza. Atakayeigeuza tamthilia sehemu kama hii inampasa kujua pia mahali pa kutotia neno.

Halafu kuna Megalovania. Fox aliutunga wimbo huu kabla ya Undertale, kwa ajili ya mchezo wa Halloween aliouunda mwaka 2008 kutokana na mchezo mwingine, EarthBound. Katika Undertale umetengewa Sans, kiunzi cha mifupa mvivu anayepiga soga mchezo mzima, ambaye husimama mbele ya mchezaji aliyeua wote na kushambulia kwanza bila kungoja zamu. Noti mbili za mwanzo ni moja iliyorudiwa, kisha sauti inaruka juu oktava nzima, kisha inashuka kwa mikato. Kila mzunguko, zile noti mbili za mwanzo zinateremka kidogo huku zinazofuata zikibaki palepale. Ala inaweza hayo bila jasho. Koo la binadamu linahitaji kupumua, kutamka, na bado kubeba uchungu wa mtu aliyechoka kuzika marafiki. Mashabiki wakathubutu kuupa maneno, na kwa kufanya hivyo wakaurudishia uzito wake, maana ukiwa na maneno wimbo huo unakuwa tena wa hukumu.

Uzito huo unahitaji kulindwa. Megalovania umechezwa kila mahali mpaka umechujuka. Januari 2022 wanasarakasi walifanya michezo yao kwa wimbo huo mbele ya Papa Fransisko huko Vatikani. Sina neno na sarakasi. Kinachoniuma ni namna tunavyosikiliza. Vijana wengi niwaonao wanaujua wimbo kwa sekunde chache zilizokatwa na kubandikwa kwenye video ya paka, na hawajawahi kuisikia ile njia ndefu ya giza inayoufikia. Wanataka mama wa binti bila vijiji. Na watengenezaji wamewasikia, kwa hiyo kutisha siku hizi ni sura inayochomoza ghafla na mlio wa kupasua masikio. Mwili unashtuka, moyo haujaguswa. Dakika mbili baadaye msikilizaji amesahau kilichomshtua, anatafuta kingine.

Wachache wanaofanya kazi kama hii ya mashabiki, ya kukaa na wimbo wa mtu mwingine, kuhesabu mizani, kuimba tena na tena hadi tabasamu lisikike ndani ya sauti, wanazidi kuelemewa. Hawana jukwaa wala mapazia ya kuwasaidia kutisha, na wanategemea sikio lililo tayari kungoja. Sikio hilo ndilo tunalolipoteza. Bibi yangu alikufa na ngano zake nyingi, na nusu ya zile nilizobaki nazo siwezi kuziimba, kwa sababu nilikuwa yule mtoto aliyesihi wimbo urukwe.

Kwa hiyo, msomaji, ukiitafuta tamthilia hiyo, usianzie Megalovania. Anza na ua linapokukaribisha, usikilize nyimbo kwa mpangilio wake, za kuchekesha na zote, wala usisogeze mbele hata moja.