Dakika Nzima

Ukitaka kumjua muuguzi aliyeiva, usimtazame anapochoma sindano. Mtazame anapohesabu pumzi.

Hospitali ya Rubya wilayani Muleba, mkoani Kagera, iliyo chini ya Jimbo Katoliki la Bukoba, ina chuo chake cha uuguzi. Wanaojifunza kazi huanzia kwenye mambo yanayoonekana madogo: joto, mapigo, pumzi, presha. Mtu wa nje huyadhania ni shughuli ya kupitisha muda kabla daktari hajafika. Kwangu mimi hayo ndiyo kazi yenyewe.

Na kazi hiyo huanza kabla kifaa chochote hakijatoka mfukoni. "Shikamoo, bibi." Bibi ataitikia marahaba, kisha atataka kujua umeamkaje, na watoto je, na nyumbani hawajambo? Muuguzi anajibu huku akisikiliza: maneno yanafika mwisho, au yanakatika katikati kutafuta hewa? Ameshaona bibi aliingiaje, kwa miguu yake au akishikiliwa. Akivuta kope ya chini na kukuta weupe palipostahili wekundu, anawaza upungufu wa damu hata kabla ya kipimo cha maabara.

Ujanja uko kwenye pumzi. Mtu akijua anahesabiwa, hupumua tofauti. Kwa hiyo muuguzi hushika kifundo cha mkono kwa ncha za vidole (si kidole gumba, kina mapigo yake), humaliza kuhesabu mapigo, halafu haachii. Mkono unabaki palepale, macho yanahamia kifuani, na mgonjwa anadhani bado ni mapigo. Ni hila, lakini sijui hila nyingine iliyo safi kama hii.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kwa watoto wenye kikohozi, Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka: kuanzia miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka, kuanzia mwaka 1 hadi 5, ni 40. Hapo nimonia inashukiwa. Na lazima iwe dakika nzima, maana mtoto mdogo hapumui kwa mwendo mmoja. Huharakisha, husita, huharakisha tena. Ukihesabu robo dakika ukazidisha kwa nne, kosa la pumzi 2 linakuwa 8, na 8 zinatosha kumvusha mtoto upande wa pili wa mpaka. Akilia, unasubiri. Akinyonya, unasubiri. Muleba imepigwa sana na malaria, na homa peke yake huongeza kasi ya pumzi, hivyo joto likishuka unahesabu upya. Foleni ikiwa imejaa hadi nje, dakika hiyo ni ghali, na anayeitoa bila kuipunja namheshimu.

Lakini namba isiyoandikwa ni yatima. Mkoa wa Kagera uliliona hilo mwaka 2023. Tarehe 21 Machi ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Bukoba Vijijini; waliougua walikuwa 9, wakafa 6. Waliogusana nao walifuatiliwa kwa siku 21, wakipimwa joto kila siku. Nyuzi 36.6 za leo pekee hazikuwa habari. Habari ilikuwa kwamba jana zilikuwa hizohizo, na juzi pia, na kuna karatasi inayosema hivyo.

Faili nalo lina adabu yake. Kuandika "Amelala vizuri" hakumsaidii anayepokea zamu ya usiku. Kuandika "Anaitika akiitwa, hawezi kukaa mwenyewe, pumzi 34" kunamsaidia. Mama akisema homa ilianza saa mbili, muuguzi anauliza ya asubuhi au ya usiku, ndipo aandike 08:00 au 20:00. Kosa la kusikia hapo ni saa 12 za ugonjwa zilizopotea au kuongezwa.

Akikosea kuandika, hafuti wala hapaki wino mweupe. Anapiga mstari mmoja mwembamba, anaandika namba sahihi kando yake, anatia saini na saa. Namba ya kwanza inaachwa isomeke, ili anayefuata aone kilichoandikwa mwanzo, nani alikirekebisha, na lini.