Pongezi kwa Wauguzi wa Watoto wenye Vichwa Vikubwa

Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ya Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, hutibu pia watoto wachanga wenye vichwa vikubwa. Maji huzidi ndani ya ubongo na kuukandamiza. Kwa wengi, daktari hupitisha mpira mwembamba chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni, maji yapate njia.

Kwa mzazi, mtihani huanza kabla ya upasuaji. Maziwa ya mama husitishwa kwa muda wa saa 4 hivi kabla ya dawa ya usingizi, huku mtoto akililia titi. Muuguzi ndiye anayemtuliza mama na kumweleza sababu.

Baada ya upasuaji muuguzi hupima joto, hukagua kidonda na humlaza mtoto asikilalie. Kabla ya ruhusa humfundisha mama kupapasa utosi: ukivimba mtoto akiwa ametulia, akitapika, au macho yakielemea chini, arudi hospitali mara moja, kwani huenda mpira umeziba.

Mafunzo hayo huokoa maisha. Wauguzi hawa wanastahili pongezi za dhati.