Mgeni na Lugha katika Riwaya ya Ajabu na Mapenzi

Kati ya Ruiru na Thika, pale Juja, kipo chuo kikuu kilichoanzishwa kwa msaada wa Japani na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1981. Wahadhiri wake kadhaa walipata shahada zao za juu huko Japani. Hata hivyo, mimi sijakutana na riwaya ya Kiswahili ya vijana inayomfuata mwanafunzi wa namna hiyo ugenini. Vijana wa miji hiyo miwili wanasoma hadithi za Kijapani za mgeni aliyetupwa katika nchi ya ajabu, akapenda na akapendwa. Nasi wahakiki tunazipuuza, eti ni burudani tu.

Mgeni wa namna hiyo tunaye tangu zamani. Katika *Adili na Nduguze* (1952), Shaaban Robert anamfikisha Adili katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe, akamkuta Mwelekevu yu hai. Wanazungumza papo hapo, lugha haiwasumbui. Katika hekaya jambo hilo halina kasoro, maana dhamira ni wema na husuda. Lakini riwaya inayodai kusawiri jamii ya kigeni haiwezi kumpa mgeni lugha bure. Fuyumi Ono aliliona hilo katika mfululizo wake wa falme kumi na mbili, alioanza kuuchapisha mwaka 1992. Yoko, mteule wa kiti cha enzi, anaelewa usemi wa ulimwengu ule bila kujifunza. Suzu, mtoto wa kimaskini, haelewi neno, hata anakubali kumtumikia bibi katili mradi asikie wasemavyo watu. Hapa ajabu inafanya kazi ya uhalisia.

Sasa tumchukue kijana wa Ruiru aliyeko Tokyo. Kitenzi *taberu*, yaani kula, humpasa kukigeuza kuwa *meshiagaru* mlaji akiwa mtu wa heshima. Kijana huyu hakulelewa kwa shikamoo kama mwenzake wa Unguja, kwa hiyo ngazi hizo zitamtoa jasho. Atamsemesha mpenzi wake kwa adabu miezi mingi. Siku atakapoliita jina lake bila kuliambatisha *san*, mapenzi yatakuwa yamekirika. Tukio zima la mahaba limo katika sarufi.

Mwandishi wetu atalionyeshaje? Kitenzi cha Kiswahili hakina daraja hizo. Akiandika tu kwamba "alimwita kwa jina", msomaji wa Thika hatashtuka, kwani kwao vijana huitana hivyo kutwa. Anaweza kutegemea miito yetu, aanze na "Bi" na kushuka taratibu hadi "mwenzangu". Ila hapo Tokyo itanukia Mombasa. Mimi ningeiacha *san* ilivyo tangu ukurasa wa kwanza, bila tanbihi, ili msomaji aizoee pamoja na mhusika, na siku itakapokosekana aisikie mwenyewe.