Jioni ya Vitafunwa

Watu wa mjini siku hizi husema "bitesi", na mimi niliyefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini nimeacha kuwasahihisha. Hata hivyo neno tunalo: vitafunwa, yaani vitu vinavyotafunwa. Wapo wanaosema vitafunio, lakini masikioni mwangu mwisho huo wa neno unaelekea kwenye chombo. Kifagio ni cha kufagilia, kifungio ni cha kufungia, basi kitafunio huenda ni jino. Mniwie radhi. Ualimu ni ugonjwa usiopona kwa kustaafu.

Ijumaa moja jioni nilizunguka Dar es Salaam kula vitafunwa hivyo pamoja na mwenzangu ambaye kwa miaka kumi na mmoja alikuwa makamu wangu katika chuo cha ualimu. Mpaka leo tunaitana Mkuu na Makamu, ingawa chuo kina wenyewe. Mwaka jana Makamu alitibiwa saratani ya koo kwa mionzi. Saratani ilirudi nyuma, tunashukuru, lakini ladha nayo ikaenda. Mate yamepungua, na ulimi wake hautofautishi chumvi na sukari. Mkewe ameniambia kwamba mzee anakula kama mtu anayemeza dawa, na kwamba uzito unazidi kupungua. Nilipomtembelea akanipa sharti hili: "Mkuu, nipeleke wanakokula watu kwa starehe. Wewe utaonja, utanieleza. Lakini ukiniambia tu kwamba ni tamu, nitapanda bajaji nirudi nyumbani."

Sharti hilo lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Asali kwetu ni tamu, nyama choma ni tamu, hotuba ni tamu, hata usingizi wa alfajiri ni mtamu. Tukishasema hivyo tunaridhika. Kumbe msamiati wa kinywa tunao tele: chakula hukolea, huchacha, hudorora, hukereketa; tunda bichi lina ukakasi, ndimu ina ukali, shubiri ina uchungu. Tumeyaacha maneno hayo kwa wapishi, na wapishi nao hawaandiki.

Tulianzia Masaki, katika hoteli moja inayotazama bahari. Nilitaka kumheshimu mwenzangu. Tuliletewa kamba wanne, wamelazwa juu ya kibao cha jiwe jeusi mithili ya vile tulivyoandikia hesabu tukiwa watoto, na mchuzi umechorwa pembeni kama mwandiko wa daktari. Nikaonja, nikaanza kazi yangu. Nilimwambia kuna siagi, kuna kitunguu saumu kilichokaangwa mpaka kikakaribia kuungua lakini hakikuungua, kuna limau kwa mbali, na utamu wa kamba mwenyewe unakuja mwishoni. Nilijiona nimesema vizuri. Makamu akatafuna kimyakimya, kisha akasema, "Wamekaa motoni mno. Ni mpira huu."

Nikatafuna tena. Alisema kweli. Mchuzi ulikuwa umeniziba macho. Kamba akizidishiwa moto kidogo tu hukaza, na hapo hata siagi haimwokoi. Muhogo wa kukaanga nao ulikuwa umepangwa kama kuni juu ya mchuzi huohuo, ukanywa maji na kulegea. Achari ya embe peke yake ndiyo niliyoisifu bila kujilazimisha. Tulilipa fedha ambayo ingetosha kununua samaki wa wiki nzima nyumbani kwangu.

Sikasiriki sana kwa bei. Anayekaa kuitazama bahari hulipia na bahari. Kinachoniudhi ni kile karatasi ya vyakula ilichodai, kwamba sahani ndogondogo za kula kwa pamoja ni mtindo mpya. La hasha! Aliyewahi kukaa kwenye mkeka wa futari, au kuzunguka meza za Forodhani kule Unguja usiku, amekula hivyo zamani. Vitu vyenyewe vimetoka kila upande wa bahari. Mishkaki Waomani nao wanaijua kwa jina linalokaribia hilo, bagia na kachori ni majina ya Kihindi, na kachori yetu ya kiazi imeshaacha njia ya yule aliyeizaa.

Kutoka hapo tulikwenda Sinza, kwenye baa yenye muziki wa kutosha kuamsha mtaa wa pili. Tuliagiza firigisi, mishkaki na chipsi mayai, ambayo vijana huiita zege, na kwa jinsi inavyokaa tumboni sina ubishi nao. Firigisi zilikuwa kazi ya mtu anayejua: zimekatwa nyembamba, zimekaangwa kwa moto mkali na pilipili hoho, zikakamuliwa ndimu mwishoni. Firigisi nzuri hukupinga kidogo kwanza, ndipo hukubali. Mishkaki, kwa upande mwingine, ilikuwa imelazwa katika papai bichi kupita kiasi. Papai hulainisha nyama, lakini ukilisahau, nyama hupoteza nyuzi zake ikawa kama uji uliogandishwa. Nilimweleza Makamu hivyo, na sikuficha.

Hapo ndipo nilipojuta. Mtu asiye na mate hamezi kitu kikavu kirahisi. Makamu alipojaribu zege ilikwama, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na watu wa meza ya jirani wakageuka. Nilimpigapiga mgongo nikiwaza nitamwambia nini mkewe. Mhudumu, binti mdogo, alikuja mbio na bakuli la supu ambalo hatukuliagiza, akamshikia mwenyewe. Wala hakuliandika kwenye hesabu. Katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha tulikuwa tukitoa alama kwa mwalimu anayemwona mwanafunzi wa nyuma kabisa, ningempa zote.

Nilitaka turudi. Makamu akakataa. "Ulisema sehemu tatu," akasema, sauti imekwaruza.

Magomeni, kando ya barabara, kuna mama anayeuza urojo jioni. Jirani yake kijana anauza pweza, vipande vidogo vya kuchovya katika pilipili, na wateja wake hula wamesimama. Mama alitusalimu, "Shikamooni, wazee," akatupa viti vya plastiki. Urojo wake ni mzito kiasi, wa manjano, na ndani yake kuna viazi, bagia, kachori, chatne ya nazi, na chipsi za muhogo zilizotiwa juu dakika ya mwisho ili zisinywee. Hoteli ya Masaki ingepeleka mtu hapa ajifunze jambo hilo moja.

Nikaanza kueleza: ukali wa embe bichi umetangulia, nazi inautuliza, pilipili inafuata nyuma. Makamu alikuwa anakula. Simaanishi anajaribu, anakula. Urojo ulikuwa unabeba vile vikavu koo lake lilivyoshindwa. Akasimamisha kijiko. "Kuna kitu pembeni mwa ulimi," akasema.

"Hiyo ni pilipili," nikamjibu. "Pilipili haionjwi, inaunguza tu. Hata wewe utaisikia."

"Pilipili naijua. Hiki ni kingine. Na si embe, Mkuu. Ni ukwaju."

Tulibishana kama katika kikao cha walimu, mimi mwenye ulimi mzima nikisisitiza embe. Mwishowe tukamwuliza mwenyewe.

"Embe sikupata leo, babu," mama akasema. "Nimetia ukwaju."

Huenda Makamu alibahatisha, maana uwezekano ulikuwa nusu kwa nusu, na nilimweleza hivyo. Hakunisikiliza. Alikuwa amekwisha kumpa mama bakuli lake litiwe tena, bagia zipunguzwe, urojo uongezwe, na ananiuliza kama Ijumaa ijayo nina shughuli.