Slufay na Mipaka ya "Sisi"

Sisi tuliolelewa na vina na mizani huwa wepesi kuuita ushairi ule tu unaohesabika. Slufay ya Wairaqw wa Mbulu haihesabiki kwa kipimo chetu, nayo ni ushairi, tena ni hotuba. Mzee hutamka dua mbele ya watu waliokusanyika, kwa mafungu mafupi yanayorejea na kujengana: huyafukuza maradhi na uhasama, huiombea nchi mvua, watu na mifugo uzazi. Hadhira humwitikia. Asiyeyatia maitikio hayo katika maandishi ameandika nusu ya utungo.

Tuiweke kando ya mhadhara wa Kimarekani. Tangu Josiah Holbrook aanzishe vyama vya mihadhara huko Massachusetts mwaka 1826, miji ilikusanyika kusikiliza habari za elimu, siasa na maadili. Ralph Waldo Emerson alipata riziki yake kwa kazi hiyo. Lakini humo fikra ni mali ya mnenaji. Msikilizaji hukaa kimya, akapiga makofi mwishoni. Katika slufay neno halitimii mpaka lipokelewe. Hapo Mbulu imeishinda Massachusetts, na wengi wangeliishia hapo.

Mimi siishii hapo. Mwanaanthropolojia Robert Thornton, katika kitabu chake cha mwaka 1980, alionyesha kwamba ibada za Wairaqw huijenga nchi kwa kuiwekea mipaka. Basi kila "sisi" ina ukuta, na mhakiki hana budi kuuliza ni nani aliyeachwa nje. Frederick Douglass aliuliza hivyo mjini Rochester tarehe 5 Julai 1852: alialikwa kuusifu uhuru wa Marekani, akawaambia waliomwalika kwamba sikukuu ile ilikuwa yao, si ya mtumwa. Alikataa kuitikia, na kukataa kwake ndiko kulikoipa hotuba ile uzito.

Wabarabaig wa Hanang, majirani wa Mbulu, waliijua "sisi" ya namna hiyo. Kwa jina la taifa linalohitaji mkate, malisho yao bora yakageuzwa mashamba ya ngano ya shirika la umma NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Hata makaburi ya wazee wao yakapitiwa na majembe ya trekta. Kijiji cha Mulbadaw kilishtaki, kikashinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo, na miongoni mwa hoja zake ni kwamba haikuthibitishwa kuwa wanakijiji wote ni wenyeji kwa maana ya sheria.

Kwa hiyo, atakayeifasiri slufay kwa Kiswahili ayahifadhi maitikio yake, wala asiipanue "tu-" ya mzee ikawa ya taifa zima. Kiambishi hicho ni kidogo, lakini watu wameshapoteza ardhi ndani yake.